Kaskazi imepita, nywele zimekauka, na mafuta hayasaidii: shida iko wapi?

Kuna kitu kuhusu nywele zetu za huku Pwani ambacho ukikikalia chini hakileti maana. Kuanzia Disemba mpaka Machi kaskazi ikivuma, iwe Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa inakuwa nzito kwa unyevu, chumvi inashikana kwenye kopo jikoni, saa tatu asubuhi tu mtu umeshalowa jasho mgongo mzima, lakini hapohapo nywele kichwani zimekauka kauu, ukizishika zinakwaruza, ukizichana nyingine zinabaki kwenye kitana. Sasa ukavu huo unatoka wapi wakati hewa yenyewe imejaa maji?

Ukiuliza watu jibu ni moja tu, paka mafuta. Ukipaka na hali ikawa ileile unaambiwa hujapaka ya kutosha, au hayo ni feki, nunua haya anauza shangazi yangu. Mwisho una kabati zima la makopo na nywele bado kavu, tena sasa hivi kavu na zinanata. Mi naona tunapokosea ni pale tunapodhani nywele kavu ni tatizo moja. Ni matatizo matatu, kwa macho yanafanana na kwa mkono yanafanana, ila chanzo tofauti na tiba tofauti, na kuna wakati tiba ya hili inazidisha lile. Kuna unywele uliopoteza utando wake wa juu, kuna unywele uliovunjika ndani, na kuna unywele ambao wenyewe hauna shida kubwa ila umegandiwa na vitu mpaka maji hayapiti. Na mtu mmoja anaweza kuwa na yote matatu kichwani, ndo maana inachanganya.

Tuanze na unywele wenyewe maana bila hapo hatutaelewana. Ile sehemu unayoiona na kuisuka imekufa. Haina damu, haina neva, ndo maana ukikatwa huumii. Kilicho hai ni shina lake ndani ya ngozi ya kichwa, basi. Kwa hiyo chupa ikikwambia "inalisha nywele zako kutoka ndani" jua hapo kuna biashara tu, unywele haujawahi kula. Na kwa kuwa umekufa, haujitibu. Kidonda cha mkono kinafunga chenyewe, ila unywele ukishachanika umechanika, unachoweza kufanya ni kuufunika, kuuimarisha kwa muda na kuzuia usiendelee, huku ukisubiri mwingine uote.

Kwa ndani unywele umejaa protini inayoitwa keratini, hiyo ndo inaupa nguvu ya kuvutika na kurudi. Nje umevikwa magamba membamba sana, tabaka sita mpaka nane hivi, yamelaliana kama makuti kwenye paa, ya juu yanafunika ya chini na yote yanaelekea upande mmoja, kutoka shinani kwenda nchani. Juu ya hayo magamba kuna utando wa mafuta mwembamba usioonekana, na sio mafuta ya kupaka, huu umeshikamana na gamba lenyewe tangu unywele unatengenezwa. Kazi yake ni kufanya maji yateleze na nywele zipitane bila kukwaruzana. Jua kali linauondoa, blichi inauondoa, dawa ya kunyoosha inauondoa, na kwenye kipande hicho cha unywele ukishaondoka haurudi tena. Unywele mpya ukiota unakuja na wa kwake.

Hapo ndo jibu la lile fumbo la mwanzo lilipo. Unywele ulio mzima unaingiza maji taratibu na kuyatoa taratibu. Uliopoteza utando na magamba yameinuka unayanywa haraka na kuyaachia haraka. Unywele ukilowa unanenepa, unaweza kuongezeka unene kama asilimia 15 hivi, ukikauka unasinyaa, na kila mzunguko magamba yanasuguana na kuinuka zaidi. Sasa fikiria siku moja ya Februari Dar, umetoka nyumbani umelowa jasho, umeingia ofisini kwenye kiyoyozi zikakauka, mchana umetoka kula umelowa tena, jioni kwenye daladala vivyo hivyo. Unyevu wa hewani haukusaidii kitu, maji yanaingia na kutoka tu. Mkono wako haupimi maji, unapima magamba. Ukihisi mkwaruzo unasema kavu, hata kama ndani zina maji.

Na kwa nywele zetu za kipilipili tunaanza mashindano tukiwa nyuma. Mafuta asilia yanatoka ngozi ya kichwa, kwenye nywele zilizonyooka yanashuka mpaka chini bila kazi, kwenye kipilipili kila kona ni kizuizi kwa hiyo ncha hazifikiwi kabisa. Halafu zile kona zenyewe ndo sehemu dhaifu, unywele ukivutwa unakatikia pale unapojipinda. Hii haina maana kwamba nywele zetu ni mbovu, naichukia sana hiyo kauli, ila ina maana kwamba ushauri ulioandikiwa mtu mwenye nywele za kunyooka, mfano osha kila siku, chana mara mia kabla ya kulala, ukiuleta kwako utalia.

Jua linafanya nini hasa? Miale yake inavunja protini na kuchoma rangi. Melanini, ileile inayotupa weusi, inalinda kwa kujitoa yenyewe, inapokea mwale badala ya protini, na ikishatumika rangi inapauka. Ndo maana watoto wanaoshinda baharini na wavuvi utawaona nywele za juu zimegeuka kahawia, hazijawa chafu, zimeungua. Chumvi ya bahari nayo ikikaukia kwenye nywele inaacha chembechembe zinazokwaruza magamba ukichana. Klorini ya swimingi puli inachoma kwa njia inayofanana na blichi ila kidogokidogo.

Lakini nitasema kitu ambacho wengi hawatapenda, jua linasingiziwa sana. Angalia kalenda. Disemba ni Krismasi, mwaka mpya, harusi, send-off, wageni wametoka mikoani, kila mtu anataka nywele zimetulia. Retachi ya dawa, bloo, pasi, rangi, kisha rasta za kubana mpaka nyusi zinapanda. Mwezi wa tatu rasta zinafumuliwa, nywele zinakatika, lawama zote kwa jua. Jua limeongezea tu. Kazi kubwa ilifanyika saluni.

Sasa utajuaje tatizo lako ni lipi kati ya yale matatu? Kuna ile testi maarufu ya kuweka unywele kwenye glasi ya maji uone kama unazama au unaelea, achana nayo. Unywele ukiwa na mafuta kidogo unaelea, ukiwa na kiputo cha hewa unaelea, hata maji yenyewe kwa juu yanaweza kuubeba. Utapata jibu ila halitakuwa jibu la nywele zako.

Chukua unywele uliobaki kwenye kitana baada ya kuosha, uloweshe, ushike pande mbili, kwanza unyooshe ile mikunjo yake (hapa wengi wanajichanganya, kufungua msokoto sio kuvutika), kisha ndo uvute taratibu. Ulio mzima utavutika kidogo, mpaka kama theluthi ya urefu wake, na ukiuachia unarudi. Ukivutika tu ukabaki hukohuko, ukawa legelege halafu ukakatika, ndani pameharibika, protini imeondoka. Ukikatika palepale bila kuvutika, ni mkavu na mgumu, na mara nyingi wenye unywele wa hivi ndo wanaoweka tritimenti za protini kila wiki wakidhani wanasaidia. Usipime mmoja, pima kadhaa, na pima wa mbele na wa nyuma maana kichwa hakiko sawa kote.

Halafu angalia mwisho wa ule unywele. Ukiwa na kidoti cheupe upande mmoja, huo umetoka na shina lake, umenyonyoka. Usipokuwa nacho na ni mfupi, umekatika. Kunyonyoka nywele 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida kwa binadamu yeyote, ndo maana ukifumua rasta za miezi miwili unatoka na fundo la nywele mkononi unapata presha, hesabu tu mwenyewe, hizo ni za siku zote sitini zilikuwa hazina pa kudondokea. Hamna cha kuogopa hapo. Ila nywele zikinyonyoka kwa wingi kila siku, au panatokea upara katikati ya kichwa, au ngozi inauma, hilo sio suala la kondishena wala la msusi, nenda kwa daktari wa ngozi. Uzazi, upungufu wa damu, tezi ya shingo, dawa fulani, vyote hivyo vinaonekana kichwani, na kuna aina za upara ambazo ukichelewa shina linakufa moja kwa moja.

Tukirudi kwenye ukavu, nianze na lile la kugandiwa maana ndo la kawaida kuliko watu wanavyofikiri na ndo la bei rahisi. Maji. Dar mitaa mingi watu wanaoga maji ya kisima, ya Ruvu yanayoletwa na DAWASA yakikatika ndo kabisa. Unguja chini ya ardhi ni mawe ya matumbawe, na maji yakipita kwenye mawe hayo yanabeba kalsiamu. Maji ya namna hii tunayaita magumu, na dalili unazijua, sabuni haitoi povu, na pembeni ya beseni panabaki utando mweupe. Ule utando ni sabuni iliyokutana na kalsiamu ikaganda, haiyeyuki tena. Basi jua na kichwani unakaa vilevile. Unaosha nywele na sabuni ya kipande, zinatoka zimekakamaa, unasema sabuni imekausha. Imekausha ndio, kwa sababu pH yake (kipimo cha uchachu au umagadi) ni kama 9 mpaka 10 na ngozi ya kichwa inapenda 5.5 hivi, kwa hiyo magamba yameinuka, lakini pia imekuachia tope juu yake.

Juu ya hilo tope sasa unapaka mafuta ya mgando. Kesho tena. Keshokutwa tena. Mafuta ya mgando hayatoki na maji na yanazuia maji kuingia, hiyo ndo kazi yake, yakipakwa juu ya unywele uliolowa yanasaidia, yakipakwa juu ya mkavu yanaufungia ukavu. Mtu wa hivi hahitaji mafuta zaidi, anahitaji kuosha. Tena kuosha kwelikweli, shampuu mara mbili, na mara moja au mbili kwa mwezi shampuu ya kusafisha kabisa ambayo kwenye lebo utaona herufi EDTA, hiyo inakamata kalsiamu na kuondoka nayo. Kama huipati, siki vijiko viwili vya chakula kwenye lita ya maji, mimina baada ya shampuu, kaa dakika mbili, suuza. Ndimu pia inafanya kazi lakini ichuje na uichanganye na maji mengi, na usitoke nayo juani kichwa kimelowa ndimu maana inapausha. Magadi soda usiguse, ni upande uleule wa sabuni.

Na bahati yetu ni kwamba kaskazi ikiisha masika inaingia, na maji ya mvua hayana kalsiamu. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha kinga ndoo, tumia kusuuzia la mwisho. Bibi zetu hawakuwa na EDTA, walikuwa na pipa chini ya mfereji wa bati. Vilevile majani ya mkunazi yaliyopondwa, ambayo Pwani na Oman watu wanayajua vizuri, yanatoa povu lake laini linalosafisha bila ukali wa sabuni ya kipande, ila suuza sana unga usibaki.

Ukishasafisha, pima tena. Kuna watu wataishia hapa, watagundua nywele zao hazikuwa na shida, zilikuwa zimefunikwa tu.

Kama bado zinakwaruza, basi tatizo ni utando wa juu, na hapo mfalme ni kondishena sio mafuta. Hii inahitaji maelezo kidogo. Sehemu ya unywele iliyoharibika inakuwa na chaji hasi, na kondishena imetengenezwa kwa viungo vyenye chaji chanya upande mmoja na mafuta upande wa pili. Kwa hiyo inaenda yenyewe kushika pale palipoharibika zaidi, upande wa mafuta unabaki nje, magamba yanalala, nywele zinapitana. Mafuta ya kawaida hayana akili hiyo, yanakaa popote ulipoyaweka. Ndo maana kondishena ya elfu tano inayotumiwa kila mara unapoosha inashinda mafuta ya elfu arobaini. Ipake nywele zikiwa zimekamuliwa maji, anzia nchani, ngozi ya kichwa iache, chana humohumo kwa kitana cha meno mapana kuanzia chini kupanda juu, dakika tano zinatosha. Baada ya hapo weka kidogo ile kondishena ya kuacha kichwani, kisha ndo mafuta matone machache wakati bado zina unyevu. Na silikoni zilizomo kwenye kondishena nyingi zisikutishe, ni utando wa kuteleza tu, unatoka ukiosha na shampuu.

Stimingi ya saluni ni nzuri, joto na mvuke vinasaidia kondishena kusambaa, nusu saa inatosha sana. Ile ya kulala na kondishena na mfuko wa plastiki mpaka asubuhi sioni faida yake, nywele zinabaki zimevimba usiku kucha bure na ngozi ya kichwa inakosa hewa.

Mafuta ya nazi niyaweke pembeni kidogo kwa sababu haya ni kesi maalumu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, wakakuta ni ya nazi tu yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, nzima na zilizoharibika. Sababu ni kwamba mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki kwa wingi, molekuli yake ni ndogo na imenyooka, inapenya ndani, haya mengine yanabaki juu. Mafuta hayo yakishaingia ndani, unywele hauvimbi sana ukikutana na maji. Kwa hiyo wakati wake mzuri ni KABLA ya kuosha, usiku au saa chache kabla, na sio baada. Mabibi wa Tanga na Pemba waliokuwa wanampaka mtoto mafuta ya nazi jioni halafu kesho yake ndo anaoshwa walikuwa sahihi kabisa, sisi ndo tumegeuza mpangilio. Na kabla ya kuingia baharini fanya hivyohivyo, lowesha nywele kwa maji baridi ya bomba, paka ya nazi, kisha ndo uingie, unywele ulioshiba maji matamu unabeba chumvi kidogo. Ukitoka suuza hapohapo, usisubiri mpaka ufike nyumbani.

Ila kama una mba, mafuta ya aina yoyote usiyaweke kwenye ngozi ya kichwa. Fangasi anayeleta mba chakula chake ni mafuta hayohayo, unamlisha. Mba tibu kwa shampuu ya mba, mafuta peleka nchani. Na mafuta ya nyonyo ni mazito, yanang'arisha, yanashika vizuri nywele za pembeni, ila hayaoteshi nywele, anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakuuzia ahadi.

Sasa tatizo la tatu, kuvunjika ndani, hapa niwe mkweli, ndo pagumu. Dawa ya kunyoosha nywele ina pH ya 12 kwenda juu, inafungua magamba na kukata vile viunganishi vya keratini vinavyoupa unywele umbo lake. Huko ndo kunyooka kwenyewe, huwezi kunyoosha bila kukata. Kipande kilichopakwa mara moja kinavumilia, kilichopakwa mara mbili kwa sababu msusi kapitiliza kwenye retachi hakivumilii, ndo maana zinakatikia kwenye ule mpaka kati ya nywele mpya na za zamani. Na zile dawa zinazouzwa kwa sifa ya upole, zisizo na magadi makali, zinatumia kalsiamu, haziunguzi sana ngozi ya kichwa ndio, ila zinaacha kalsiamu kwenye nywele, kwa hiyo umerudi kulekule kwenye tatizo la maji magumu. Ukishamaliza dawa ya namna hiyo shampuu ya EDTA sio anasa.

Kitu kingine ambacho ni hatari na bado kinafanywa, kuweka kalikiti (dawa ya kuzikunja nywele) juu ya nywele zenye dawa ya kunyoosha, au kinyume chake. Hizo ni kemia mbili tofauti haziendani, nywele zinaweza kukatika siku hiyohiyo kwenye sinki. Msusi akikwambia haina shida, muulize nywele zilizokatika analipa nani.

Protini inasaidia, lakini lazima iwe imekatwakatwa ndogo, kwenye lebo wanaandika hydrolyzed. Yai bichi molekuli zake ni kubwa mno, haziingii popote, zinakaa juu zikikauka nywele zinakuwa ngumu ukadhani zimeimarika. Na mtu akisuuza kwa maji ya moto anajikaangia omleti kichwani, kuitoa ni kazi ya nusu siku. Mayonezi inasaidia kidogo kwa sababu ni mafuta, sio kwa sababu ya yai, parachichi hivyohivyo. Vile vinaliwa jamani. Tritimenti ya protini fanya mara moja kwa mwezi kwa wale ambao unywele wao ulivutika ukabaki legelege, ikifuatiwa na kondishena siku hiyohiyo. Ambao unywele wao ulikatika bila kuvutika waachane nayo kabisa kwa sasa.

Pasi na draya viweke likizo mpaka kipupwe ikiisha. Pasi nyingi zinafika digrii 230, keratini haiwezi hiyo, na ukipitisha kwenye nywele zenye unyevu, ile sauti ya chwiii na moshi ni maji yanayochemka ndani ya unywele na kuacha mapovu humohumo, pale pote patakatika. Kama unataka zinyooke bila moto kuna nywele za uzi, unazungushia uzi mweusi kutoka shinani mpaka nchani, kesho yake zimenyooka vizuri tu. Wengi wanaona ni ushamba. Ni teknolojia bora kuliko draya na uzi wenyewe bei yake haisumbui.

Kusuka ni sawa, nywele zinapumzika kuchanwa, lakini nywele zilizochoka hazibebi rasta nene za kufika kiunoni. Suka za kwako mwenyewe, twende kilioni au matuta ya kawaida, au mabutu, au msokoto wa mbili mbili, bila kuongezea uzito. Ukitoka kwa msusi kichwa kinauma mpaka unameza panado, zimebana, fumua zile za mbele, ule mstari wa mbele ukishaenda kurudi kwake ni majaliwa. Wiki sita mpaka nane, fumua.

Wanaovaa ushungi wana faida kubwa dhidi ya jua, ila wasifunike nywele mbichi, zinakaa zimevimba, zinanuka na mba inashamiri. Ndani vaa kofia ya satini kabla ya kitambaa cha pamba maana pamba inasugua na kunyonya. Usiku hivyohivyo, na kaka zangu wa dredi nanyi mmo, dredi zinakauka na kukatikia shinani vilevile.

Ndugu walioko Muscat na Dubai mambo yao yanacheleweshwa kidogo, joto lao kali ni Mei mpaka Septemba, nje digrii zinaweza kufika 40 na zaidi na kiyoyozi cha kukausha ndani, kwa hiyo ukarabati wao ni Oktoba. Waliopo Ulaya wanatoka kwenye jua wanaingia kwenye hita, hewa ya ndani inakuwa kavu kweli. Nao pamoja na watu wa Dodoma, zile krimu zenye glisarini nyingi wasizitegemee, glisarini inavuta maji ya hewani na Dodoma mwezi wa saba hewani hamna cha kuvuta. Kwao krimu nzito ya kuziba, sheya kwa mfano, ina maana zaidi kuliko kwa mtu wa Tanga.

Imebaki kukata, na najua hapa ndo watu wanafunga ukurasa. Ncha iliyopasuka haigundishwi na kitu chochote, gundi ya kwenye chupa inashika mpaka utakapoosha. Ukiiacha, mpasuko unapanda juu, kwa hiyo sentimita moja uliyoionea huruma Machi inakuwa imezidi hapo Juni. Nywele zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, zetu za kipilipili pungufu kidogo, maana yake kama zilizoharibika ni sentimita kumi utakuwa nazo karibu mwaka mzima, huwezi kukata zote leo isipokuwa uwe na moyo wa kunyoa. Kata kidogokidogo kila miezi miwili mitatu. Gawa nywele mafungu, pitisha vidole kutoka shinani, pale fungu linapopungua unene ghafla ndo pa kukata, na tumia mkasi wa nywele, ule wa jikoni unaponda ncha badala ya kukata na mwezi ujao zimepasuka tena palepale. Na msusi mwambie kabla hajashika mkasi ni kiasi gani, muoneshe kwa kidole, maana kuna wengine ukiwaambia punguza wanasikia nyoa.